Mashine ya boti niliyoifufua Pasua

Ukitaka ushauri wa bure, teremsha mashine ya boti stendi ya Moshi. Watu ambao bahari wameiona kwenye kalenda tu, wote wakawa mafundi. "Mangi, ipake oili chafu, chumvi haitaigusa." "Huku hakuna chumvi, iache ipumzike." Ipumzike wapi, na chumvi yenyewe imepanda nayo basi, imejaa kwenye njia za maji ya kupoozea injini? Ikipata unyevu kidogo inaendelea kutafuna.

Ni Yamaha 40, yangu na shemeji anayevua Pangani. Naye ana imani yake: boti ikilala mtoni, mashine iko kwenye maji baridi, yasiyo na chumvi. Kweli Mto Pangani unatoka huku kwetu, Kilimanjaro na Meru, unapitia Nyumba ya Mungu. Lakini bahari ikijaa, chumvi inapanda mtoni, na mashine imeachwa imezama usiku kucha. Ndiyo maana ikawa inachemka, maji ya kupoozea inayakojoa matone tu.

Fundi wa kwanza, wa gereji ya magari, simtaji. Bolti za mfuniko wa thamostati, kile kilango kinachofungulia maji injini ikipata moto, ziligoma, akachomeka bomba kwenye spana aongeze nguvu. Kichwa cha bolti kikabaki kwenye spana. Ili kunifurahisha akaipiga rangi mashine nzima, mpaka zinki! Zinki, kile kipande cha madini kinachofungwa nje ya mashine, ni kafara, inaliwa yenyewe ili aluminiamu ipone. Ukiipaka rangi umeifunga mdomo, chumvi inahamia kwenye mashine.

Nikaihamishia kwangu Pasua, hapa hapa Moshi. Hapo ndipo raha ilipoanza. Bolti zilizobaki nilizilaza na oili ya kulegeza kutu. Asubuhi, mafuta yote yakiwa yametolewa, nikapitisha moto wa gesi kwenye aluminiamu kuzunguka bolti, maana inatanuka zaidi ya chuma. Nikagonga kwa nyundo ndogo, nikakaza kidogo kwanza, ndipo nikafungua. Ikalia kwiii! Huo mlio ni mtamu, acha kabisa. Ile iliyokatika aliitoboa jamaa wa kuchonga vyuma, kwa bei ya soda na maneno mengi.

Ndani chumvi imeganda kama ukoko wa wali. Siki ya dukani ikaulainisha, nikakwangua kwa kijiti, si bisibisi. Thamostati nikaichemsha kwenye sufuria. Nzima hufunguka kabla maji hayajatokota. Hii ilifumba mpaka mama watoto akadai sufuria yake. Thamostati mpya, impela (lile panga la mpira linalosukuma maji kwenye pampu) na zinki, laki mbili na kitu.

Kisha pipa la maji uani, propela nimeivua, maji yamepita usawa wa pampu. Nikavuta kamba. Mtaa mzima ulitoka nje, na mkondo ukaruka hadi kwenye kuku wa jirani. Mafundi wa stendi sijui walikuwa wapi siku hiyo.

Shemeji sasa ana pipa lake. Akirudi baharini mashine inaunguruma humo kwa maji ya bomba, si ya kisima cha ufukweni chenye chumvi vilevile, halafu inalala imeinuliwa. Bolti zinarudishwa na grisi. Zinki ya akiba nimebaki nayo mimi Moshi, kwa sababu namjua: angeifanya chubwi ya mshipi.