Miaka 400 ya Robo

Jioni zetu wiki hii zimekuwa za gemu la Chrono Trigger. Mpwa wangu yuko likizo, na yeye ndiye anayeshika simu. Mimi nakaa pembeni nikimsomea kwa Kiswahili, maana maandishi ni ya Kiingereza na bado yanampita kasi. Gemu hili lilitoka Japani Machi 1995 kwa ajili ya Super Famicom, mashine ya magemu ya Nintendo, na kaseti yake ilibeba megabaiti 4 tu. Picha moja ya simu siku hizi inaweza kufika huko. Ndani ya megabaiti hizo 4 wamo wahusika saba wa kuchezwa, safari za kutoka enzi za dinosaria hadi mwaka 2300, na muziki wa Yasunori Mitsuda, kijana aliyejituma mpaka akaugua vidonda vya tumbo, ikabidi mtunzi mwenzake, Nobuo Uematsu, amalizie nyimbo zilizobaki.

Jana tulifika kwenye kesi. Tangu hapo sijaacha kuiwaza.

Gemu linaanza na sherehe za ufalme wa Guardia kutimiza miaka 1000. Kuna vibanda, mashindano, watu wakicheza ngoma. Crono, kijana unayemwongoza, anagongana na msichana, wote wanaanguka, na kidani cha msichana kinadondoka. Uko huru: umjulie hali kwanza, au ukimbilie kidani. Mbele kidogo, chakula cha mtu kipo mezani. Ukibonyeza, umekila. Yupo pia mtoto anayemtafuta paka wake. Hakuna alama inayowaka, hakuna sauti inayokuonya kwamba lolote kati ya haya lina uzito. Unazunguka, unacheza, unasahau.

Baadaye sana Crono anakamatwa. Yule msichana kumbe ni binti mfalme, na kijana anashtakiwa kwa kumteka nyara. Mashahidi wanaanza kuitwa. Mwenye chakula anaingia mahakamani na kueleza kilichotokea pale mezani. Kidani nacho kinaulizwa: ulikiokota kwanza, au ulimwinua mwenzio?

"Mjomba, mbona hakuna aliyeniambia kwamba wananiangalia?"

Mpwa wangu alikila kile chakula, kama wanavyokila wachezaji wengi. Alinirudishia simu, akakaa kimya akitazama baraza la watu saba wakipiga kura mmoja mmoja. Kilichomuuma zaidi ni nilipomwambia kwamba hata mshtakiwa akionekana hana hatia, waziri wa mfalme anamtupa gerezani vilevile. Alisema hiyo ni dhuluma. Ni dhuluma kweli, na nalipenda gemu hili kwa kutomficha mtoto jambo hilo.

Picha ya Super Famicom kwenye TV kwa kawaida ilikuwa na nukta 256 kwa 224. Uso wa Crono ndani yake ni nukta chache mno, huwezi kuchora chozi likaonekana. Kwa hiyo huzuni ni kichwa kuinama, na mshangao ni kuruka kidogo. Yanayobaki unayajaza mwenyewe, na njia rahisi ya watengenezaji kukugusa ilikuwa kupitia kile ulichofanya wewe. Hiki ndicho ninachokitafuta kwenye magemu mapya yanayovaa sura ya zamani. Nukta kubwa kila mtu anaweza kuchora. Undertale, gemu la Toby Fox la mwaka 2015, inastahili kuitwa ndugu wa Chrono Trigger kwa sababu inakumbuka: ukimuua Toriel, mhusika anayekutunza mwanzoni, ukajuta, ukarudi nyuma ukamwacha hai, ua linaloitwa Flowey linakwambia waziwazi kwamba linajua ulichofanya.

Lakini sehemu iliyonifunga kwa gemu hili iko mbali na pale mpwa wangu alipofika. Mwaka 600 yupo mwanamke, Fiona, anayetaka kurudisha msitu mahali palipokuwa jangwa. Kazi hiyo haimaliziki ndani ya uhai wa mtu mmoja. Robo, roboti mliyemkuta akiwa mbovu kwenye mwaka 2300, anajitolea abaki kumsaidia. Mnamwacha analima. Mnaingia kwenye chombo chenu cha kusafiria wakati, mnaruka hadi mwaka 1000, na pale palipokuwa mchanga kuna msitu. Kwako ni dakika moja. Kwake ni miaka 400. Mnamkuta ndani ya hekalu lililojengwa katikati ya miti, amezimika, na Lucca, mhandisi wa kundi, anamtengeneza upya. Akiamka halalamiki. Anataka usiku huo washerehekee kukutana tena.

Wanawasha moto msituni, na usiku huo Lucca anapata njia ya kurudi utotoni mwake, siku nguo ya mama yake iliponaswa na mashine na miguu ya mama huyo ikaharibika. Safari hii mashine inaweza kusimamishwa. Inahitaji neno la siri, na dokezo limo humo humo nyumbani: ni jina la mama, Lara. Hupewi orodha ya kuchagua. Kwenye Super Famicom unaliandika jina hilo kwa vitufe vya mkononi: L, A, R, A. Kila herufi ipo kwenye kidhibiti chako. Muda ni mfupi, na ukishindwa mama anabaki kilema kama alivyokuwa. Nadhani aliyebuni hilo alikaa akatazama kile kidhibiti, akamtafutia mama jina linaloweza kuandikwa nacho.

Shule zinafunguliwa karibuni, na sijui kama tutafika huko kabla hajaondoka. Sitamwambia jibu. Nimemsihi tu asipite mbio nyumbani kwa Lucca, asome kila kilichoandikwa humo, na amekubali kwa sharti kwamba mimi nisiguse simu tena mpaka Crono atoke gerezani.