Laini ya akiba iliyogoma kuamka
Ofisini tuna faiba, na modemu ya 4G kama akiba. Faiba ilipokatika, ruta ya MikroTik haikuhamia 4G. Nikabadilisha kebo, nikailaumu 4G bure. Kumbe ruta ilikuwa ikipima modemu ya faiba iliyo palepale mezani, nayo hujibu hata waya wa nje ukikatwa!

Basi nikaifanya ipime kitu cha mbali, nje kwenye intaneti: nikaweka njia ya 8.8.8.8/32 (anwani moja tu, ya seva ya Google ya DNS, yaani ya kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani) kupitia faiba, scope=10. Njia kuu ya intaneti nikaipa gateway=8.8.8.8, distance=1 (namba ndogo hutangulia), check-gateway=ping (ruta iulize kila mara kama 8.8.8.8 inajibu), target-scope=11 (ikubali kuifikia 8.8.8.8 kwa ile njia ya scope=10); ya 4G distance=2. (DNS ya ofisi isiwe hiyo 8.8.8.8, maana faiba ikilala haifikiki.)

Nikachomoa waya wa ukutani, si wa kwenye ruta. Sekunde kama 20 hivi, 4G ikashika. Simu za WhatsApp zilikatika, watu wakapiga upya.