Mafiga ya bibi

Nimerudi Njombe, na baridi ya Julai huku mnaijua. Jana jioni niliingia jikoni kwa bibi, kile kijumba cha nje chenye kuta nyeusi kwa masizi, nikavuta kigoda. "Kamwene, bibi." Akanisogezea kuni za mwati nichochee.

Mafiga ni yale yale matatu. Moja lina ufa tangu niko darasa la tatu. Viazi vimefukiwa kwenye majivu, na juu darini mahindi ya mbegu yananing'inia palepale kwenye moshi, ili fukusi wasiyaguse.

Tukakaa. Nimegundua kitu: kwenye moto watu hawatazamani. Wote mnautazama moto, na ndiyo maana maneno mazito hutoka. Sebuleni bibi hajawahi kunieleza chochote kuhusu kifo cha babu. Jana, huku akigeuza kiazi kwa kijiti, alinisimulia usiku ule wote. Alichochea moto mpaka alfajiri, kwa sababu hakuweza kuingia chumbani peke yake. Sikujua. Miaka yote hii sikujua.

Mama anataka kumletea jiko la gesi, na namuunga mkono. Moshi unamuumiza macho, na kikohozi chake nimekisikia usiku kucha. Ila mafiga yasiondolewe, jamani.

Asubuhi nimemkuta amefukua kaa la jana kwenye majivu, ameinama, anapuliza taratibu. Likawaka.