Cheti cha kiwanda sio cheti cha chupa yako

Wadau, kila wiki kuna mtu ananiuliza WhatsApp hii biashara ya mafuta ya zeituni ya kosher, yaani yanayokubalika kwa sheria za chakula za dini ya Kiyahudi, inaendaje, hasa nyie mlioko huku New Jersey na Maryland mnaotaka kuagiza mzigo wenyewe na kuupiga chapa yenu. Mi nafanya kazi kwa muagizaji mmoja huku Jersey, shughuli yangu ndo hiyo hiyo, kutafuta kiwanda, kubishana bei, kukimbizana na makaratasi, kwahiyo ngoja niandike mara moja tumalizane.

Mafuta yenyewe sio shida. Ukienda Jaén kule Hispania, au Sfax Tunisia, wenye mafuta mazuri ni wengi na watakuwekea lebo yoyote unayotaka hata ukiita chapa yako Mama Zuhura. Shida ni ile alama ndogo pembeni ya lebo. Nenda Lakewood au Borough Park kule Brooklyn, wanakoishi Wayahudi wengi, simama dukani uangalie, mteja anashika chupa, anaigeuza, jicho linatafuta alama kwanza, bei baadaye. Hizo ni alama za mashirika ya kosher yanayokagua na kutoa vyeti: OU ni U ndani ya duara, Star-K ya Baltimore ni K ndani ya nyota, kuna Kof-K wako Teaneck. Ukiona K tupu haina duara wala nyota, jua herufi moja peke yake huwezi kuimiliki kisheria kama alama ya biashara, so yeyote anaweza kuichapa, na wateja wenye msimamo wanairudisha kwenye shelfu.

Sasa ukimuandikia muuzaji kwamba unataka kosher, ndani ya saa moja anakurushia PDF. Nzuri, ina nembo, ina saini ya rabi. Watu wanafurahi hapo wanaagiza. Tulia, isome mstari kwa mstari. Cheti kina jina la kiwanda na anwani, kinataja chapa, kinataja bidhaa, halafu kina tarehe ya kuisha. Ile chapa iliyotajwa ni ya kwao. Yako haipo! Mafuta yanaweza kuwa yale yale, yametoka tenki lile lile, lakini chupa yenye jina lako haina ruhusa kubeba ile alama mpaka shirika la kosher liiandike. Na hapo mnakuwa watu watatu kwenye mkataba, shirika, kiwanda, na wewe mwenye chapa, halafu mchoro wa lebo yako unapelekwa kwao wauone kabla haujachapwa. Kuna mashirika yanatoza ada kwa kila chapa inayoongezwa, kwahiyo uliza mapema nani analipa, maana kiwanda kitanyamaza mpaka invoisi itoke.

Kuna muuzaji, simtaji, alituletea mchoro wa lebo tayari kabandika alama kubwaa mbele, namuuliza shirika wameiona? Ananijibu msijali sisi tuna cheti miaka mingi. Nikachukua simu nikawapigia shirika wenyewe, hawajawahi kusikia hiyo chapa. Hiyo simu ni bure kabisa na wanapokea vizuri, sijui kwanini watu hawapigi.

Sisi tuliozoea halali tunadhani ukishasema hakuna nguruwe hakuna pombe basi umemaliza. Hawa jamaa wa kosher wanaulizia mashine. Wapo marabi wanaosema ekstra virjini halisi, yaani daraja la juu la mafuta ya zeituni, iliyokamuliwa bila kemikali, haina tatizo lolote yenyewe kama yenyewe, lakini nani kakuhakikishia kwamba ni halisi, na mstari wa kujazia chupa ulipita nini jana? Viwanda vingi vya mafuta vinajaza pia siki ya divai, na kwao chochote cha zabibu kina masharti makali. Wengine wanajaza mafuta yenye ladha ya kitunguu saumu au truffle, ule uyoga wa bei kali. Na yale mafuta yanayoandikwa "light" ni yaliyosafishwa kwa joto kali, kwenye mitambo ambayo inaweza kuwa inasafisha mafuta mengine pia, hayo bila cheti usiyaguse kabisa. Ukiagiza kutoka Israel kwenyewe ndo kuna mambo ya ziada, zaka, mwaka wa saba wa kupumzisha shamba, matunda ya miaka mitatu ya mwanzo ya mti. Sijawahi kuagiza huko na bosi hataki.

Halafu usichanganye, kosher haisemi mafuta ni mazuri. Rabi haangalii asidi. Ekstra virjini kwa viwango vya baraza la kimataifa la zeituni lililoko Madrid ni asidi isiyozidi asilimia 0.8, peroksaidi (kipimo cha mafuta kuharibiwa na hewa) isiyozidi 20, na waonjaji wasikute kasoro hata moja. Kwahiyo omba majibu ya maabara ya lile tenki unalonunua wewe, sio la msimu uliopita, na sampo ipime tena mwenyewe. Mi sampo naimwaga kidogo kwenye kikombe, nakifunika kwa mkono kipate joto, nanusa. Ikinuka kama karanga za zamani naachana nayo hata kama karatasi inasema vingine. Mafuta yakiwa mapya na mazuri yanakukwaruza koo mpaka ukohoe, hiyo ni sifa sio kasoro.

Bei wanakupa kwa tani, wewe unauza kwa chupa. Lita moja ina kama gramu 916, so tani ikiwa yuro 4,000, nusu lita ni kama yuro 1.83 kabla ya chupa, kifuniko, lebo, boksi na meli. Na bei inaruka vibaya, Hispania ilipigwa na ukame, msimu wa 2022/23 wakapata kama tani 665,000 wakati msimu wa nyuma yake ilikuwa karibu milioni 1.5, Januari 2024 tani ikagusa yuro 9,000 hivi. Anayekupa bei ya kudumu mwaka mzima muogope.

Kalenda nayo. Watu wananunua sana kabla ya Pasaka ya Kiyahudi kwasababu Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, siku hizo hawatumii mafuta ya soya wala mahindi, wengi wanatafuta na P pembeni ya alama, maana yake inafaa kwa Pasaka. Pasaka ya 2026 ni kuanzia jioni ya Aprili 1, na maduka yanapanga shelfu wiki nyingi kabla. Zeituni zinaanza kuvunwa Oktoba. Hesabu mwenyewe, kukamua, kujaza, rabi kupita, meli mpaka Newark, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, wapewe taarifa kabla mzigo haujafika, na lazima awepo muagizaji anayejibu kuhusu usalama wa huyo muuzaji wa nje. Lebo ikichelewa Desemba umeshakosa msimu.

Mwisho ni asili. Forodha ya Marekani wanataka nchi yalikotoka mafuta, sio yalikojazwa chupa, kwahiyo mafuta ya Tunisia yaliyojazwa Italia ni ya Tunisia na lebo iseme hivyo. Inagusa mfuko pia, Agosti 2025 mafuta ya Umoja wa Ulaya yalipigwa ushuru wa asilimia 15 na ya Tunisia 25, na viwango hivi angalia upya kila unapotoa oda. Kuna wanaohama kiwanda fasta wakifuata ushuru mdogo. Sawa, ila ukihama kiwanda, cheti cha chapa yako hakihami na wewe, unaanza tena na shirika, na zile lebo ulizochapa elfu kumi zinabaki stoo.