Jinsi nilivyompeleka binti yangu Iowa City kupunga mkono

Binti yangu alipokuwa na miaka sita alilazwa hospitalini wiki saba mfululizo, hapa kwetu Chicago. Jumamosi moja runinga ya chumbani ilikuwa inaonyesha futiboli ya Kimarekani, ile ambayo mpira hushikwa mkononi. Mimi ni mtu wa Morogoro, nimekulia Simba na Yanga, mchezo ule haukuwa unaniingia kabisa. Nikachukua rimoti nitafute katuni. Kabla sijabonyeza, uwanja mzima ukageuka. Mashabiki, wachezaji wa timu zote mbili, hata waamuzi, wote wakaelekea upande mmoja na kuanza kupungia jengo refu la vioo lililosimama nje ya uwanja.

"Mama, usitoe. Wanampungia nani?"

Mtangazaji alikuwa anaeleza, nikamwambia: wanawapungia watoto waliolazwa mle. Akainua mkono wake wenye mpira wa dripu, akaipungia runinga.

Alipona, namshukuru Mungu. Miaka minne baadaye akaniambia anataka kwenda kupunga na yeye, ila sasa kutoka uwanjani. Mtoto aliyelala wiki saba akaniomba jambo kama hilo, ningemkataliaje? Naandika hapa jinsi nilivyoipanga safari ile, kwa sababu kuna mambo niliyahangaikia mwezi mzima ambayo mtu angeweza kunieleza kwa dakika tano.

Jengo lile ni hospitali ya watoto ya Chuo Kikuu cha Iowa, Stead Family Children's Hospital. Lilifunguliwa mwaka 2017, upande wa mashariki wa uwanja unaoitwa Kinnick, ambao timu ya futiboli ya chuo hicho huchezea, karibu kiasi kwamba watoto walioko ghorofa ya 12 wanauona uwanja wote chini yao. Shabiki mmoja akapendekeza mtandaoni kwamba watu wawe wanawapungia, na mwezi Septemba mwaka huohuo ikaanza: kila mechi ya nyumbani, robo ya kwanza ikiisha, watu wanageuka.

Unahitaji pia kuujua ukubwa wa shughuli yenyewe. Sensa ya 2020 iliikuta Iowa City na watu 74,828. Uwanja wa Kinnick unaingiza 69,250. Uwanja wetu wa Mkapa pale Dar es Salaam, mji wa mamilioni, unachukua 60,000. Jimbo la Iowa halina timu katika ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huu, kwa hiyo watu husafiri kutoka kila kona ya jimbo kuja kuwaangalia wanafunzi hawa wa chuo kikuu. Siku ya mechi mji mdogo unapokea wageni karibu idadi yake yenyewe. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini kila kitu kingine ni kigumu.

Kilichonisumbua kuliko vyote ni saa. Nilinunua tiketi za mechi ya Oktoba tangu Agosti, nikadhani sehemu ngumu imekwisha. Kumbe tiketi ina tarehe, haina saa. Mechi za mwanzo wa msimu hutangaziwa saa mapema, lakini nyingi za Oktoba na Novemba saa yake huamuliwa na vituo vya televisheni siku 12 kabla, na mara nyingine siku sita tu. Mechi inaweza kuwa saa tano asubuhi, saa nane na nusu mchana, au usiku. Mimi nafanya kazi ya zamu katika nyumba ya wazee. Siwezi kumwambia msimamizi wangu kwamba nitamjulisha Jumatatu kama Ijumaa nitakuja.

Mwishowe nikapanga kana kwamba saa zote tatu zitatokea. Ikiwa asubuhi, lazima Ijumaa tulale karibu, maana kutoka Chicago ni mwendo wa saa tatu na nusu hadi nne kwa gari. Ikiwa usiku, lazima tulale Jumamosi, kwa kuwa mechi yenyewe huchukua kama saa tatu na nusu na sitaki kuendesha usiku wa manane na mtoto. Nikaomba kubadilishana zamu na wenzangu kwa siku zote tatu, Ijumaa hadi Jumapili, nikawaahidi Krismasi. Ilikuwa bei kubwa lakini niliilipa kwa moyo mweupe.

Malazi yalinifundisha adabu. Hoteli za Iowa City na za Coralville, mji wa jirani, wikiendi ya mechi zilikuwa zinataka ulipie usiku mbili utake usitake, na bei ilikuwa imepaa mara tatu ya wiki nyingine niliyoilinganisha nayo. Nilikaa na simu mpaka usiku, nahama kutoka hoteli hadi hoteli. Halafu nikaiangalia ramani badala ya orodha ya bei. Barabara ya I-80 kutoka Chicago inavuka mto Mississippi na kupita Davenport, maili 55 hivi kabla ya kufika Iowa City. Ni njiani, ni mji wenye hoteli za kawaida kwa bei ya kawaida, na asubuhi ni chini ya saa nzima kufika. Nikachukua chumba Ijumaa na Jumamosi, aina ile inayokuruhusu kufuta bila kulipa. Anayetoka Chicago asianze kutafuta kwingine kabla hajatafuta Davenport.

Viti navyo nilikaribia kukosea. Vya jukwaa la mashariki vilikuwa nafuu, nikawa tayari nimeweka kadi ya benki mkononi. Mwenzangu kazini aliyesoma Iowa akanizuia. Hospitali iko mashariki, akasema, kwa hiyo ukikaa mashariki iko nyuma ya kichwa chako. Utageuka na kutazama juu kama mtu anayetafuta mwezi. Kaa magharibi uione usoni. Na mchana jua litakuwa mgongoni. Nikaongeza dola 38 kwa kila tiketi, na ndizo pesa nilizotumia vizuri kuliko zote katika safari ile.

Begi lazima liwe la plastiki angavu, la kuonekana ndani, lisilozidi sentimita 30 kwa 15 kwa 30 hivi. Tiketi ziko kwenye simu, kwa hiyo simu iwe na chaji. Nilibeba pia blanketi na vipande viwili vya godoro la sponji, maana mabenchi ni ya chuma na Oktoba ya Iowa haina huruma.

Kuhusu gari, Mungu alinipa watu. Iowa City na Coralville wana Wakongo wengi, na mama mmoja wa kanisani kwetu ana dada yake kule, mtu wa Uvira. Nikapewa namba, nikapiga, nikajieleza kwa Kiswahili changu cha Morogoro naye akanijibu kwa cha kwao. Hakuniuliza hata ninakaa siku ngapi. "Gari mutaacha kwangu. Na chakula mutakula kwangu." Nilitaka kulipia maegesho kwenye nyasi za mwenye nyumba fulani karibu na uwanja, dola 40. Akakataa kusikia habari hiyo.

Siku 12 kabla, saa ikatangazwa: nane na nusu mchana. Nililia kidogo jikoni. Nafuu tupu.

Basi Ijumaa baada ya shule tukaondoka, tukauvuka Mississippi giza limeingia, tukalala. Asubuhi tukapita Walcott, penye kituo cha malori kinachojitangaza kuwa kikubwa kuliko vyote duniani, na kweli malori yamepangwa pale kama ng'ombe mnadani. Kufikia saa nne tulikuwa Coralville. Binti yangu akatoa shikamoo kama nilivyomfundisha. Mama wa Uvira akacheka kwa furaha, kwao hawaitumii, akamvuta na kumkumbatia. Kijana wake akatusogeza na gari mpaka foleni ilipogoma, sehemu iliyobaki tukaenda kwa miguu.

Njia ya Melrose Avenue ningependa kila Mtanzania aliyezoea Kariakoo siku ya mechi ya watani aione. Watu wamefika tangu alfajiri, wamefungua nyuma za magari, wanachoma nyama na soseji, rangi ni nyeusi na dhahabu tupu mpaka kwenye vichanga. Mzee mmoja ambaye hatujuani alimpa binti yangu kipande cha paja la bata mzinga na kumkaribisha mjini. Nje ya uwanja kuna sanamu ya Nile Kinnick, ambaye uwanja unabeba jina lake: alipata tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo vikuu, mwaka 1939, akafa 1943 katika mafunzo ya urubani, ana miaka 24. Tulisimama pale kidogo. Binti aliuliza kama mama yake Kinnick alikuwa hai mwanawe alipokufa. Sikuwa na jibu.

Wachezaji waliingia wakiwa wameshikana mikono, polepole. Kila mechi pia kuna mtoto mmoja kutoka hospitali ile anayeheshimiwa kama nahodha, mpango ulioanza 2009, naye alipotajwa na uwanja ukanguruma, binti yangu akanishika mkono kwa nguvu. Robo ya kwanza sikuiona. Nilikuwa naangalia saa ya uwanjani inavyorudi nyuma, kumi, tano, tatu. Ikagonga sifuri.

Watu wakasimama. Hakukuwa na kelele kama nilivyotarajia, sauti ilishuka. Mikono elfu sitini na kitu ikainuka. Pale juu, nyuma ya vioo, tukaona vichwa vidogo, na nyuma ya vingine watu wazima wamesimama, nami nilijua hasa wanavyosimama, nilisimama hivyo wiki saba. Sikuweza kupunga. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono yote miwili. Binti yangu alipanda juu ya benchi, akapunga mkono wote kuanzia begani. Mchezo ulipoanza tena watu wakakaa, yeye hakukaa. Mama aliyekuwa nyuma yetu nilimwona anainama pembeni apate kuona, wala hakumwambia mtoto kitu.

Timu ya nyumbani ilishinda, na kutoka pale mpaka kufika Coralville ilituchukua saa nzima na nusu. Meza ilikuwa imeshaandaliwa: sombe, ambayo sisi tunaiita kisamvu, samaki, na ugali mkubwa. Mama wa Uvira akampakulia binti yangu kwanza, akamwuliza, "Mulishinda?"

Binti yangu akafikiri kidogo.

"Dirisha la tatu kutoka kushoto," akasema, "kuna mmoja alinipungia kwa mikono miwili."