V8 ya Range Rover ndani ya MGB: anza na bodi, giaboksi na rejeta

MGB ni gari dogo la michezo lililoundwa Uingereza kuanzia 1962 hadi 1980, na injini yake ya silinda 4 ya cc 1,798 hutoa takriban nguvu za farasi 95. Wengi huing'oa na kufunga V8 ya Rover, injini ya silinda 8 ya cc 3,528 iliyofungwa pia kwenye Range Rover. Hii ni ya alumini, bloku na hedi zote, kwa hiyo uzito wake unakaribiana na wa ile ya kwanza. Utamu wa kazi hii uko hapo: ujazo unakaribia maradufu na pua ya gari haielemewi. Kiwanda chenyewe kilitoa MGB GT V8 2,591 kati ya 1973 na 1976, farasi 137, usukani kulia kama tunavyoendesha sisi.

Hapa Dar injini zipo, ndani ya Range Rover za zamani na Discovery za mwanzo zilizolala kwenye viwanja vya magereji. Watu hukimbilia kuinunua kwanza. Mimi nasema injini iwe ya mwisho.

Kagua bodi kabla ya chochote. MGB haina chesisi inayojitegemea. Nguvu yake iko kwenye boksi za chuma chini ya milango, na kwa gari lililoishi Msasani au Kigamboni chumvi ya bahari huzila kutokea ndani huku rangi ya nje ikipendeza. Inua gari kwa jeki upande mmoja, tazama uwazi kati ya mlango na bodi. Ukijibana juu, boksi zimekwisha. Kama gari ni la wazi lisilo na paa, chomelea kwanza nondo au bomba la kushikilia ndani ya uwazi wa milango, ndipo ukate chuma kibovu. Ukikata bila kushikilia, bodi hukunjika katikati na milango haifungi tena.

Magari yenye bampa nyeusi za mpira, ya kuanzia mwishoni mwa 1974, yana faida kubwa: chumba cha injini kilishatayarishwa kwa V8, na kwenye yale ya modeli ya 1977 na kuendelea rejeta imesogezwa mbele. Yenye bampa za kromu yanahitaji kazi hiyo ifanywe kwa mkono, pamoja na kupunguza shafti ya usukani na kuiwekea kiungo cha kukunjika ili ipite pembeni mwa injini.

Giaboksi ndiyo inayokwamisha miradi mingi hapa kwetu. Ya Range Rover haifai, maana mkia wake unaingia kwenye transfa ya magurudumu manne. Ya MGB ya kawaida haivumilii nguvu ya kuzungusha ya V8. Inayofaa moja kwa moja ni LT77 ya Rover SD1, ambayo huku ni adimu. Njia inayowezekana ni Toyota W55 au W58, zilizofungwa kwenye Mark II na Supra za gia za mkono; ulizia Ilala na Gerezani. Utahitaji nyumba ya klachi ya kuunganisha, klachi pleti yenye meno ya Toyota, presha pleti ya Rover, na bushi ya kukerezwa iingie nyuma ya krenki kupokea ncha ya shafti ya giaboksi.

Hapa usikubali kukadiria kwa macho. Funga dayo geji (geji ya mshale inayopima sehemu ndogo za milimita) kwenye flaiwili, zungusha krenki, pima tundu la nyumba ya klachi. Mshale ukicheza kwa jumla zaidi ya milimita 0.13 katika mzunguko mzima, tundu limepishana na kitovu cha krenki; rekebisha. Ukiliacha hivyo, klachi pleti huchanika katikati, beringi ya mbele ya giaboksi hulia, na gia zinaanza kuruka. Fundi atailaumu giaboksi ya mtumba, kumbe haina kosa.

Uwiano wa difu ya MGB ni 3.909 kwa 1. Kwa tairi za 175/70R14 ukiwa gia ya 4 kwa kilomita 100 kwa saa, injini itazunguka takriban mara 3,450 kwa dakika. Kiwanda kiliiwekea V8 difu ya 3.07, inayoshusha mizunguko hadi kama 2,700. Propela itengenezwe upya na ibalansiwe, na mstari wa giaboksi uwe sambamba na mstari wa difu. Usipokuwa sambamba gari hutetemeka kuanzia kilomita 80.

Sasa joto. Gari hili litakaa kwenye foleni ya Mwenge saa nane mchana, hewa ikiwa nyuzi 32 na spidi sifuri. Rejeta ya kawaida ya MGB haitoshi. Weka ya safu tatu au nne, feni mbili za umeme mbele yake kama kiwanda kilivyofanya, kila moja na rilei na fyuzi yake, na themostati ya nyuzi 82. Pima nafasi mapema, kwa sababu pampu ya maji ya Range Rover za zamani ina pua ndefu inayokaribia kugusa rejeta. Usijaze maji ya kisima kamwe. Yana chumvi, na chumvi inatafuna alumini mpaka njia za maji kwenye hedi zinatoboka. Tumia maji safi ya kuongezea betri (si asidi) na kulanti ya injini za alumini, angalau theluthi moja iwe kulanti.

Eksozi: manifoldi fupi zinazokumbatia bloku ni rahisi kufunga, lakini mabomba hushuka chini na matuta yetu huyasaga. Napendelea zile zinazotokea pembeni kupitia matundu kwenye ukuta wa ndani wa matairi ya mbele, hata kama ni kukata bodi. Zinatoa joto nje pia.

Ukifika kwenye injini, tafuta yenye kompresheni ya 8.13 kwa 1. Haichagui petroli kama ya 9.35. Chukua risiti na nakala ya kadi ya gari ilikotoka, kwani namba ya injini na ujazo vimo kwenye kadi yako na vitabadilishwa TRA. Mwambie na wa bima. Fungua kava za juu, zungusha krenki kwa mkono, pima mnyanyuko wa kila valvu kwa dayo geji, zote 16. Moja ikinyanyuka kidogo kuliko wenzake, kemshafti, shafti inayofungua valvu, imelika. Huo ndio ugonjwa mkuu wa injini hizi. Badilisha kemshafti, tapeti zote 16 na cheni, hasa gia ya cheni ikiwa na meno ya plastiki.

Kabureta za Range Rover ni ndefu mno kwa boneti ya MGB. Kiwanda kiliweka kabureta mbili za SU zikielekea nyuma, kwenye manifoldi yake maalumu. Kabla ya kuamua, bandika udongo wa kufinyanga juu ya manifoldi, funga boneti taratibu, pima unene uliobaki. Milimita 15 zinatosha injini kutikisika.

Pampu ya oili ya injini hizi, zile zenye distribyuta, haivuti ikiwa kavu. Ijaze vaselini, kisha zungusha shafti yake kwa drili kupitia tundu la distribyuta, kwa mwelekeo wa saa, mpaka geji ipande. Mpangilio wa moto ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Nyaya za 5 na 7 zitenganishe, zinafuatana na zinaweza kurushiana moto. Kwa kemshafti mpya, ikishawaka usiiache sailensa (mzunguko wa chini bila kukanyaga mafuta); ishikilie kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 20, feni zikiwa zimeshafungwa na zinafanya kazi. Halafu mwaga oili hiyo, badilisha filta, na uikate filta ya zamani uangalie kama kuna vipande vya chuma kabla ya kulitoa gari getini.