Zukini, maganda ya mayai na barua ya magugu

Zukini, ile jamii ya maboga marefu ya kijani yanayochumwa machanga, niliyoiacha Ijumaa ikiwa na urefu wa kiganja, Jumatatu nilikuta mumunye. Sitanii. Mumunye lenyewe, la kukata vipande ukaunga nazi ukalisha nyumba tatu. Nilipomtumia mama picha akajibu: "Kumbe umekwenda Ulaya kulima, mwanangu. Si ungebaki tu Muheza?"

Niko Reading, Uingereza, na nusu ploti ya halmashauri, yaani kipande cha bustani wanachokodishia wakazi walime, niliyoisubiri kwenye foleni miaka mitatu na ushei. Ploti nzima hapa huwa kama mita za mraba 250, na kodi ya nusu yangu kwa mwaka haifiki hata bei ya mafuta ninayotia kwenye gari kwa mwezi. Nilipoipata niliona adui yangu atakuwa baridi tu. Kumwagilia? Nimeshika keni shambani kwa babu tangu nina miaka saba, nani anifundishe?

Kiangazi cha 2022 kikanifundisha.

Pale kila mtu ana ushauri, na uliokuwa midomoni mwa wote ni huu: mwagia kidogo kidogo kila jioni. Nikautii, hata sijui kwa nini, maana babu hakuwahi kufanya hivyo. Nikitoka kazini, keni huku, keni kule, udongo unalowa juu, unapendeza, narudi nyumbani roho kwatu. Tarehe 19 Julai joto likafika nyuzi 40.3 kule Coningsby, Lincolnshire, mara ya kwanza nchi hii kuvuka 40. Mimi mtu wa Tanga sijawahi kuiona arobaini kwetu! Siku chache baadaye nyanya zangu zikaanza kuoza vitako. Juu nyekundu, nzuri ya kuvutia. Ukiigeuza, chini kuna doa jeusi limebonyea kama limepigwa pasi ya mkaa.

Mzee wa ploti ya pili akanishika mkono, akasema hiyo ni kukosa kalisi (madini ya kalsiamu), niponde maganda ya mayai nifukie kwenye mashina. Jamani, tulikula mayai! Asubuhi kimanda, jioni ya kuchemsha, Jumapili mayai kwenye mchuzi. Wanangu wakaniuliza kama nimefuga kuku kwa siri. Baada ya wiki tatu nikafukua nione, maganda yamekaa palepale, meupe, kama ya jana, na nyanya zinaendelea kuoza. Kalisi ilikuwemo udongoni siku zote. Maji ndiyo huibeba mpaka kwenye tunda, na mizizi yangu, kwa kulambishwa maji kila jioni, haikuwa na haja ya kushuka. Ilibaki juu ikikaangwa.

Hapo nikaamua kutumia akili yangu mwenyewe. Nikakusanya chupa za maji za lita mbili, nikazikata vitako, nikatoboa vifuniko na kuzifukia kichwa chini kando ya kila shina, ili maji yashuke moja kwa moja kwenye mizizi. Jaribio la kwanza nilitoboa kwa msumari. Maji yakazama kabla sijainua keni ya pili. La pili nikatoboa kwa sindano niliyoipasha moto kwenye jiko. Yakadondoka vizuri siku moja, ya pili tope likaziba tundu, chupa imejaa maji na mbu wanaogelea. Nikaketi chini nikazitazama kama mtu aliyedhulumiwa. Kisha nikaona soksi ya kandanda ya kijana wangu kwenye gari, imetoboka kidole. Nikaikata, nikavisha mdomo wa chupa, nikafunga kwa uzi, tundu likiwa la msumari ule ule wa kwanza. Maji yakachuja polepole, karibu robo saa chupa moja! Wiki ile hakuna aliyekuwa na soksi pea nyumbani kwangu.

Kuanzia hapo nikamwagilia kila baada ya siku mbili, chupa zijae kweli, basi. Juu nikaweka matandazo ya nyasi zilizofyekwa njiani, ila zianike kwanza, mbichi ukizilundika zinakuwa uji unaonuka. Mwishoni mwa Agosti tukakatazwa kumwagilia kwa mpira wa maji. Wenye mipira wakahangaika, mimi na keni yangu nikapita nao nikiwasalimia kwa furaha isiyo ya lazima. Nyanya zilizofunga baadaye zilitoka vitako safi. Zilizokwisha kuoza usizisubiri zipone, chuma utupe.

Lakini kazi kubwa ya kiangazi huku siyo maji, ni kuchuma. Maharage yale yanayotambaa juu ya miti, ukiacha maganda yakomae mbegu ndani, mmea unajiona umeshazaa, unaacha kutoa maua. Mimi nilikuwa nachuma wikendi, kama mwenye shamba wa mjini. Sasa napita kila siku ya pili, hata kama ni kuchuma kiganja kimoja. Zukini zile ndogo ndizo tamu, na majani machanga ya maboga ninayala, ingawa majirani hunitazama kama mbuzi.

Tukija kwenye barua. Julai hiyo hiyo wasimamizi wa ploti waliniandikia kwamba sehemu kubwa ya ploti yangu ni magugu, nisafishe. Nilichemka! Mgongo ulikuwa umekatika kwa kung'oa mtambazi ule wa maua meupe, ambao ukiacha kipande cha mzizi kama ncha ya kidole, unazaa ukoo mpya. Nikazunguka ploti natafuta hayo magugu. Kumbe ni mchicha wangu! Matuta manne, niliopanda mwisho wa Mei udongo ulipopata joto (Aprili niliwahi kupanda, haukuota hata mmoja).

Aliyeniokoa ni bibi mmoja wa Kijamaika wa ploti ya mbele. Kwao mchicha huo wanauita callaloo. Akaja na kofia yake, akamsimamia mkaguzi kiunoni mikono: "Unataka ang'oe chakula?" Mimi nikapika sufuria, nazi ya kopo, kitunguu, nyanya moja yenye kitako kizima, nikapeleka kwenye kibanda cha wasimamizi. Mkaguzi alirudia mara mbili, kisha akaomba mbegu.

Siku hizi mchicha uko kwenye ploti tatu zaidi ya yangu. Wanauacha unarefuka mpaka kifuani, unatoa mashuke, wanausifia rangi. Nimewaambia wakate ncha ungali mdogo uchipue matawi. Wananiitikia kwa adabu kabisa, hawakati.